Mfuko wa udhamini wa bonde: kuilinda ardhi ya Manonga bila kuinunua

Udhamini wa hifadhi ni mpango wa kisheria ambao mali huwekwa mikononi mwa watu wachache, yaani wadhamini, ili waitunze kwa manufaa ya wengine na kwa kusudi lililoandikwa. Mali hiyo yaweza kuwa ardhi, fedha au haki fulani juu ya ardhi. Udhamini hutofautiana na mradi kwa umri: mradi hufa fedha za mfadhili zinapokwisha, udhamini hukusudiwa kudumu hata wadhamini wa kwanza wakiwa hawapo. Hutofautiana na kampuni kwa faida: wadhamini hawagawani chochote.

Duniani zipo namna mbili kubwa za udhamini wa aina hii. Ya kwanza hushika ardhi yenyewe. National Trust ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1895, hununua au hupewa mashamba, misitu na kingo za mito, na tangu sheria ya mwaka 1907 inaweza kuitangaza ardhi yake kuwa haiuzwi tena. Namna ya pili hushika fedha. Mfano wa karibu ni Mfuko wa Hifadhi ya Milima ya Tao la Mashariki, EAMCEF, wenye makao yake Morogoro. Ulianzishwa mwaka 2001 kama udhamini, ukapewa na Mfuko wa Mazingira wa Dunia mtaji wa dola milioni 7 za Marekani, na hugharamia hifadhi kwa mapato yanayotokana na mtaji, si kwa mtaji wenyewe.

Kwa ukanda wa Shinyanga na Geita nchini Tanzania, namna ya kwanza ina vikwazo vingi vya kisheria na faida ndogo. Ya pili inawezekana, na ndiyo inayojaza pengo lililoachwa na juhudi za hifadhi zilizotangulia. Ili kuona ni kwa nini, ni lazima kuanza na mabonde yenyewe.

Mabonde na udongo wake

Ukanda huu umekaa juu ya mgongo unaogawa maji pande tatu. Mito Isanga na Magogo-Moame huelekea kaskazini hadi Ziwa Victoria. Manonga hupita mpakani mwa Shinyanga na Tabora, kisha humwaga maji yake katika mbuga za Wembere na Ziwa Kitangiri. Upande wa Geita, maji ya eneo la Rwamagasa huingia mto Nikonga, yakapita ardhioevu za Moyowosi na mto Malagarasi hadi Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo ukanda mmoja uko chini ya bodi tatu za maji: ya Bonde la Ziwa Victoria iliyoko Mwanza, ya Bonde la Kati iliyoko Singida, na ya Bonde la Ziwa Tanganyika iliyoko Kigoma. Hakuna halmashauri hata moja ya wilaya inayolimiliki bonde zima. Manonga peke yake unahusu Shinyanga, Kishapu, Nzega na Igunga, katika mikoa miwili.

Mvua za Shinyanga ni takribani milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, nazo hunyesha kati ya Novemba na Mei. Mito mingi ni ya msimu. Masika hufurika, kiangazi hubaki mchanga, na wanawake huchimba visima humo humo mtoni kupata maji ya ndoo.

Wasukuma husoma bonde kwa udongo wake kuanzia juu kwenda chini. Juu, kwenye miamba ya matale na chini yake kidogo, kuna luseni, udongo wa mchanga unaofaa muhogo, karanga na uwele. Katikati kuna itogolo, udongo mgumu usiopitisha maji upesi, ambao ndio wa majaluba ya mpunga. Chini kabisa kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi na kunasa masika. Huo ni wa malisho, pamba na mtama. Mpangilio huu unaamua nani anaumia na nani ananufaika. Anayekata miti kwenye matale hapati hasara siku hiyo. Mchanga unaoteremka huzika majaluba ya mwenzake wa chini, kisha hujaza lambo la kijiji cha tatu. Hifadhi ya bonde ina maana iwapo tu watu wa juu na wa chini wana mahali pa kukubaliana na pa kulipana.

Jinsi miti ilivyotoweka na ilivyorudi

Miti ya Shinyanga haikumalizwa na ukame. Katika utawala wa Waingereza, idara ya utafiti wa mbung'o ilikuwa na makao yake Shinyanga chini ya Charles Swynnerton, na kuanzia miaka ya 1920 maeneo makubwa ya pori yalifyekwa ili kuwaondolea mbung'o maficho na kupanua malisho na mashamba. Pamba ikaongeza mahitaji ya ardhi. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1974 na 1975 ikahamisha kaya kutoka kwenye maeneo yao ya asili, na utaratibu wa kutenga malisho ukavurugika, kwa kuwa aliyetenga hakuwa tena jirani na alichokitenga. Kufikia mwaka 1984 hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba Rais Nyerere aliuita mkoa huo jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, kwa msaada wa Norway na utafiti wa kituo cha kilimo mseto cha ICRAF. Miaka ya mwanzo wataalamu walihimiza vitalu na miche ya kigeni, na miche mingi ililiwa na mifugo au kufa kwa jua. Mafanikio yalikuja walipogeukia ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga kipande cha malisho mvua zinapoanza na kukifungua katikati ya kiangazi, nyasi zinapokwisha kwingine. Visiki vilivyokuwa hai chini ya ardhi vilichipua vyenyewe mara tu ng'ombe walipozuiwa. Mwaka 1986 zilirekodiwa takribani hekta 600 za ngitili. HASHI ilipofungwa mwaka 2004, makadirio yalikuwa kati ya hekta 300,000 na 500,000 katika vijiji 833 vya mkoa wa Shinyanga wa wakati huo, ambao ulijumuisha pia sehemu kubwa ya mkoa wa sasa wa Simiyu. Mwaka 2002 mpango huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Faida yake ilipimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulikadiria kwamba nyasi, kuni, nguzo, dawa, asali na mazao mengine ya ngitili yalikuwa na thamani ya dola 14 kwa mtu kwa mwezi, ilhali matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini nchini yalikuwa dola 8.50 kwa mwezi.

Pengo baada ya mradi

Takwimu nyingine za kipindi hicho zinaonyesha udhaifu uliofichwa na ushindi huo. Katika vijiji 172 vilivyochunguzwa zilikutwa ngitili 18,607 zenye jumla ya hekta 78,122. Kati ya hizo, 284 tu zilikuwa za jamii. Nyingine zote zilikuwa za kaya. Hiyo ni wastani wa ngitili 108 kwa kila kijiji, na hekta nne na ushee kwa kila ngitili.

Ngitili ya kaya ina mlinzi mwenye uchungu nayo, lakini ina maadui watatu. Wa kwanza ni urithi: baba akifariki, hekta nne hugawanywa kwa wana watano, na kipande cha chini ya hekta moja hakitoshi kufungwa. Wa pili ni njaa ya mwaka mmoja: mkaa unaopatikana kwenye hekta nne hulipa ada ya shule na kununua magunia ya mahindi, na kazi ya miaka kumi huisha kwa mwezi. Wa tatu ni utovu wa hati: mipaka inafahamika kwa majirani, lakini haiko mahakamani. Ngitili ya jamii haigawanywi kwa urithi, ila hugawanywa kwa siasa, pale serikali ya kijiji inapotoa viwanja au kumruhusu mtu mwenye ng'ombe wengi aingie kabla ya siku ya kufungua.

HASHI ilikuwa na majibu kwa haya yote ilipokuwa hai: magari, mabwana misitu, posho za mikutano, mtu wa kupatanisha kijiji na kijiji. Mradi ulipofungwa, maarifa yalibaki, sheria ndogo zilibaki, lakini hapakuwa na fungu la kudumu la kuzisimamia. Halmashauri ziliendelea na hifadhi kwa kadiri ya bajeti ya mwaka, ambayo hubadilika. Pengo la Shinyanga, basi, si elimu wala utashi wa wakulima. Ni taasisi ndogo yenye fedha za kudumu na mamlaka yanayovuka mipaka ya kijiji na wilaya. Hiyo ndiyo kazi ya udhamini.

Ardhi ibaki kijijini

Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinatamka kwamba ardhi yote nchini ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka huo, inaipa halmashauri ya kijiji jukumu la kusimamia ardhi ya kijiji na kuitaka iisimamie kama mdhamini anayetunza mali ya wanufaika, ambao ni wanakijiji. Ardhi haigawiwi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji.

Hivyo basi, udhamini wa ardhi upo tayari kijijini. Bodi mpya inayotaka kushika ardhi ya bonde ingelazimika kuomba ardhi hiyo kijiji kwa kijiji, na wanakijiji wangeona kuwa wananyang'anywa. Hofu hiyo haikosi msingi katika nchi ambayo kuhama kwa kupisha hifadhi na migodi kunakumbukwa na watu walio hai. Njia salama ni kuiacha ardhi ilipo na kuipa kila sehemu ya bonde kinga ya kisheria inayoifaa.

Ngitili ya jamii inaweza kutangazwa kuwa hifadhi ya msitu wa ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, ikiwa na mpango wa usimamizi na sheria ndogo zilizopitishwa na mkutano mkuu na halmashauri ya wilaya. Ngitili za kaya zilizopakana zinaweza kuunganishwa na wenyewe kuwa msitu wa kikundi, na kila kaya ikapata hati ya hakimiliki ya kimila inayotaja matumizi ya kipande hicho. Malisho yanayotumiwa na vijiji viwili au vitatu huwekwa katika mpango wa pamoja wa matumizi ya ardhi chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007. Kingo za mto zina kinga ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60. Maji yenyewe yako chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, inayoruhusu kuundwa kwa jumuiya za watumia maji.

Kanuni ya mita 60 ndiyo inayoonyesha kwa nini sheria peke yake haitoshi. Kila kilomita 10 za mto, ukihesabu kingo zote mbili, zina hekta 120 za ukanda uliokatazwa, karibu ekari 300. Kwenye Manonga na vijito vyake, sehemu ya ukanda huo ni itogolo iliyokwisha kukatwa majaluba, na majaluba yana wenyewe, wengine wameyarithi. Ofisa anayefika na futi kamba na tangazo la kuondoka huondoka na kuacha mpunga ukiendelea kukua. Atakayefanikiwa ni yule anayeweza kumpa mkulima wa ukingoni muda, miche ya matunda au nyasi za kukata za kupanda badala ya mpunga, na nafasi nyingine ya kulima mahali pa juu. Yote hayo ni gharama, na gharama ya aina hiyo haimo katika bajeti ya halmashauri.

Mipaka, hati na usajili

Kazi ya kwanza katika kuanzisha mfuko ni kuchagua bonde lenye ukubwa unaomudika. Bonde zima la Manonga ni kubwa mno kwa bodi moja changa. Kijito kimoja na vijiji vyake 15 hadi 25, kuanzia matale ya juu hadi kinapoungana na mto mkuu, ni mwanzo unaofaa, mradi hati iruhusu vijito vingine kujiunga baadaye. Mpaka ufuate maji, usifuate kata.

Kazi ya pili ni makubaliano ya kila kijiji. Mkutano mkuu hupitisha mambo matatu kwa kura na kuyaandika kwenye muhtasari: ramani ya maeneo yanayolindwa, sheria ndogo zinazoyahusu, na uamuzi wa kijiji kuingia mkataba na mfuko. Kijiji kisicho na cheti cha ardhi ya kijiji, au chenye mgogoro wa mpaka na jirani, kimalize hilo kwanza. Mkataba unaowekwa juu ya mpaka wenye ugomvi huuhamishia mfuko ugomvi huo.

Kazi ya tatu ni kuandika hati ya udhamini, au katiba kama wengi wanavyoiita. Hati nzuri hueleza kusudi kwa maneno yasiyoruhusu kutanuliwa, kwa mfano kuhifadhi udongo, uoto na maji ya kijito fulani na kuwanufaisha wakazi wa vijiji vilivyotajwa. Hueleza idadi ya wadhamini na namna ya kuwapata, muda wao na sababu za kuwaondoa. Huweka kiwango cha juu cha fedha kinachoweza kutumika kwa mwaka, na hupiga marufuku kuweka mtaji rehani au kumkopesha mdhamini.

Kazi ya nne ni usajili. Wadhamini huomba kwa Kabidhi Wasii Mkuu, ambaye ofisi yake iko chini ya RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ili wasajiliwe chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318. Wakishapewa cheti wanakuwa nafsi moja ya kisheria: bodi ina lakiri yake, inaweza kushtaki na kushtakiwa, na inaendelea kuwapo wadhamini wanapobadilika. Mabadiliko ya wadhamini hupelekwa RITA. Bodi nyingi nchini hudhoofika kwa kupuuza jambo hili dogo, hadi siku ya mgogoro inapogundulika kwamba majina yaliyoko kwenye daftari ni ya marehemu. Baada ya usajili bodi huomba Mamlaka ya Mapato, TRA, hadhi ya taasisi ya hisani, ili mapato ya mtaji yasitozwe kodi kama faida ya biashara.

Wadhamini na wenye sauti

Bodi ya watu tisa inatosha. Wengi wao, yaani sita, wachaguliwe na vijiji kwa makundi ya juu, kati na chini ya bonde, ili kijiji cha majaluba kisikose mjumbe mbele ya kijiji cha matale. Wawili kati ya hao wawe wanawake, na hilo si hisani bali hesabu: wachota maji na wakusanya kuni ndio wanaojua kwanza kisima cha mchanga kinapokauka mapema kuliko mwaka uliopita. Nafasi zinazobaki ziwe za mhasibu, mwanasheria na mtaalamu wa maliasili wanaotoka nje ya bonde. Maofisa wa halmashauri na wa bodi ya maji wahudhurie vikao bila kura, kwa kuwa ndio watakaokagua kazi ya mfuko.

Chini ya bodi ni lazima iwepo sauti ya kimila. Ngitili zilirudi Shinyanga kwa sababu HASHI ilitumia dagashida, baraza la Wasukuma linalojadili mambo hadharani na kuweka adhabu, na sungusungu, walinzi wa jadi walioibuka vijijini miaka ya mwanzo ya 1980. Mfuko usiounda vyombo sambamba na hivi utapunguza gharama na upinzani. Hata hivyo hati iweke mipaka: faini za dagashida zifuate sheria ndogo zilizoidhinishwa, zitolewe risiti, na mtu aliyetozwa awe na haki ya kukata rufaa. Sungusungu bila mipaka imewahi kuwa tishio kwa watu wale wale iliyopaswa kuwalinda.

Mtaji na hesabu yake

Mfuko wa kudumu hutumia sehemu tu ya mapato ya mtaji na kurudisha nyingine, ili thamani isiliwe na mfumuko wa bei. Kiwango cha asilimia 4 kwa mwaka hutumiwa na mifuko mingi. Tuchukue mtaji wa shilingi bilioni 5 uliowekwa kwenye hati fungani za serikali na amana za benki. Asilimia 4 ni milioni 200. Ofisi ndogo ikichukua moja ya tano, zinabaki milioni 160, na kwa vijiji 20 ni milioni 8 kwa kila kijiji kwa mwaka.

Kijiji chenye watu 3,000 kitapata chini ya shilingi 2,700 kwa mtu kwa mwaka. Ikilinganishwa na zile dola 14 kwa mwezi zinazotokana na ngitili zenyewe, fedha ya mfuko ni kidogo sana, na ni vizuri ijulikane hivyo tangu mwanzo. Mfuko hauwezi kuinunua hifadhi; anayeahidi hivyo atavunjwa moyo na mkaa katika mwaka wa kwanza wa njaa. Fedha yake ilipie yale ambayo hakuna kaya itakayolipia peke yake: vigingi vya mipaka, upimaji wa hati za kimila, vikao vya vijiji vya juu na chini, fidia ya mkulima wa ukingoni, wakili kesi inapofika mahakamani, na nafaka ya mkopo kwa mwenye ngitili mwaka wa ukame ili asiikate.

Vyanzo vya mtaji vinatakiwa kuchaguliwa kwa kuangalia mahali hapa. Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ulioanzishwa nchini Kenya mwaka 2015, umejengwa juu ya hoja nyepesi: karibu asilimia 95 ya maji ya Nairobi hutoka bonde la Tana, kwa hiyo kampuni za maji, umeme na vinywaji zina sababu ya kuwalipa wakulima wa milimani wazuie udongo. Hoja hiyo haihamishiki Shinyanga. Miji ya Shinyanga na Kahama hunywa maji ya Ziwa Victoria yanayovutwa kutoka Ihelele na mamlaka ya KASHWASA. Mtu wa mjini hana bomba linalomfunga na Manonga. Wanaofungwa nao ni wafugaji, wakulima wa mpunga na vijiji vyenye malambo, yaani wale wasio na fedha.

Mauzo ya kaboni huzungumzwa sana. Bonde la Yaeda, kwa Wahadzabe na Wadatoga, limekuwa likiuza kaboni kwa miaka mingi, na kanuni za mwaka 2022 zimeweka utaratibu wa biashara hiyo kitaifa. Shinyanga pia ilijaribu: kuanzia mwaka 2010, kwa fedha za Norway, shirika la TaTEDO liliendesha mradi wa majaribio wa kaboni katika ngitili. Kikwazo ni kwamba pori la nchi kavu hubeba kaboni kidogo kwa hekta kuliko msitu wa milimani, na kupima vipande mia moja vya kijiji kimoja ni ghali. Kaboni iwe nyongeza ya mapato, isiwe msingi. Ruzuku za Mfuko wa Misitu Tanzania zinafaa kwa vitalu na doria, lakini nazo ni za mwaka hadi mwaka.

Chanzo chenye uzito wa kuunda mtaji ni madini.

Dhahabu, almasi na mfuko

Mgodi wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000 na wa Bulyanhulu mwaka 2001. Buzwagi, karibu na Kahama, ulianza kuzalisha mwaka 2009 na kufungwa mwaka 2021. Miaka 12 ni umri mfupi. Mgodi hutoa fedha nyingi kwa muda mfupi, ardhi huhitaji fedha kidogo kwa muda mrefu. Mtaji wa udhamini ndio unaogeuza ya kwanza kuwa ya pili.

Njia za kisheria zipo. Kampuni hulipa halmashauri ushuru wa huduma unaokokotolewa kwa mauzo. Mabadiliko ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Hadi sasa fedha hizi zimependelea vyumba vya madarasa, zahanati na masoko, vitu vinavyoonekana siku ya uzinduzi. Halmashauri inayotenga hata sehemu ndogo ya fungu hilo, kila mwaka wa uhai wa mgodi, kwa ajili ya mtaji usioguswa, itakuwa na mapato mgodi ukishafungwa.

Masharti mawili ni ya lazima. Kwanza, mchango wa mgodi usichukue nafasi ya wajibu wake wa kurekebisha eneo lake, ambao una dhamana yake kisheria. Novemba 7, 2022 ukuta wa bwawa la mabaki la mgodi wa almasi wa Williamson, Mwadui, wilayani Kishapu, ulipasuka na tope likafunika mashamba na makazi. Gharama ya tukio la namna hiyo ni ya mwenye mgodi, na hati ya mfuko iseme wazi kwamba mtaji hautalipia. Pili, mchangiaji asiwe na kiti kwenye bodi, kwa kuwa bodi hiyo hiyo inaweza siku moja kumshtaki.

Wachimbaji wadogo ni suala jingine, nao wako ndani ya bonde, si nje yake. Katika maeneo kama Rwamagasa, mawe hutolewa kwenye maduara, yaani mashimo ya uchimbaji, yaliyoegemezwa kwa matimba, yakasagwa kwenye karasha, kisha unga huoshwa kwenye mialo jirani na maji. Zebaki humwagwa kwenye unga uliooshwa ili ikamate dhahabu, na donge huchomwa motoni. Mvuke huingia mapafuni mwa mchomaji na walio karibu. Zebaki iliyobaki kwenye marudio, yaani mabaki ya unga uliooshwa, huchukuliwa na mvua. Uchunguzi wa kimataifa wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulipima zebaki katika vijito vya Rwamagasa, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Hapa mfuko una kazi tatu zinazopimika: kuhamisha mialo nje ya mita 60 na kuizungushia ukingo, kugharamia retoti za kuchomea zinazonasa mvuke, na kupanda miti ya matimba kwenye ardhi iliyochoka ili maduara yasiendelee kula ngitili.

Malipo, ukaguzi na mwisho wa mfuko

Malipo kwa kijiji yafuate matokeo yaliyokubaliwa, nayo yawe machache na yanayoonekana na kila mtu: ngitili ilifungwa tarehe iliyotangazwa na kufunguliwa tarehe iliyotangazwa, vigingi vyote vipo, hakuna tanuri jipya la mkaa, ukingo haujalimwa upya. Ukaguzi ufanywe mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa mvua na kabla ya kufungua ngitili, na wakaguzi watoke kijiji kingine cha bonde hilo hilo. Picha za setilaiti, ambazo sasa hupatikana bure, zithibitishe wanachokiandika. Matokeo na fedha zilizolipwa zisomwe kwenye mkutano mkuu na kubandikwa ofisi ya kijiji.

Kijiji kilichoshindwa kisinyimwe yote kwa kosa la kwanza. Sehemu ya malipo ishikiliwe hadi ukaguzi unaofuata. Kosa likirudiwa, igawiwe vijiji vya chini vilivyoumia. Mpangilio huu huwafanya majirani kuwa wafuatiliaji wazuri kuliko ofisa yeyote.

Mwisho, hati ieleze mfuko utavunjwaje. Ikibainika kuwa kusudi haliwezekani tena, au theluthi mbili ya vijiji vikapiga kura ya kujitoa, mtaji usirudi kwa wachangiaji wala kugawanywa kwa wadhamini. Uhamishiwe taasisi nyingine ya hisani yenye kusudi linalofanana katika bonde hilo, kwa idhini ya Kabidhi Wasii Mkuu. Haki za ardhi haziguswi na kuvunjwa huko: hifadhi za vijiji, misitu ya vikundi na hati za kimila hubaki kwa wenyewe, kwa kuwa hazikuwahi kuwa mali ya mfuko.